Maswali ya Wasomaji: Barua Iliyoandikwa kwa "Ninyi"

Swali

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama ninayeishi Umoja. Kila asubuhi katika kundi letu la WhatsApp la akina mama wa kanisa hutumwa picha yenye mstari, na unaorudi mara nyingi kuliko yote ni Yeremia 29:11, ukiwa umeandikwa hivi: "Najua mipango niliyo nayo juu yako, mipango ya kukufanikisha." Mwanangu alimaliza diploma ya umeme miaka minne iliyopita. Nimeushika mstari huo, nimefunga, nimeukiri kwa jina lake, na hadi leo anazunguka na bahasha ya vyeti kutoka Eneo la Viwanda hadi Barabara ya Mombasa, akirudi jioni amechoka na hana la kusema. Mwezi uliopita aliniomba niache kumsomea mstari huo. Je, Mungu alinidanganya, au ni imani yangu iliyopungua?

Jibu

Asifiwe sana, mama. Kabla ya jambo lolote, usiogope kwamba umekufuru kwa kuuliza. Yeremia mwenyewe, ambaye kwa mkono wake tuliupata mstari huo, alimwambia Mungu maneno makali kuliko yako: "Ee Bwana, umenihadaa, nami nimehadaika." Utayakuta katika sura ya 20, mstari wa 7, na Mungu hakumfukuza kwa kuyasema. Hilo nalo ni neno la Mungu, ingawa sijapata kuona mtu akiliweka kwenye picha yenye maua na kulituma alfajiri.

Sasa naomba tuifungue sura yenyewe, kwa sababu jibu la swali lako limo humo. Sura ya 29 ni barua. Inataja wapelekaji wake, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, na inataja waliopelekewa: watu wa Yuda waliochukuliwa mateka na Nebukadreza hadi Babeli mwaka 597 KK, pamoja na mfalme Yekonia na mama yake. Mstari wa pili unaongeza kwamba miongoni mwa waliohamishwa walikuwamo mafundi na wafua chuma. Mshindi alijua anachokifanya, maana aliwachukua wenye ujuzi mikononi. Ninalitaja hili kwa ajili ya mwanao. Barua ambayo amechoka kusomewa kipande chake iliandikiwa, pamoja na wengine, mafundi waliokuwa na ujuzi kamili na ambao hawakuwa na neno juu ya mahali wala namna watakavyoutumia.

Mateka hao walikuwa wakisikia sauti mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya manabii waliowaambia kwamba mambo yatageuka upesi. Mmoja wao, Hanania, tunamsoma katika sura ya 28: alisimama hekaluni Yerusalemu, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vyote vya hekalu vitarudishwa na mateka wote watarejea, kisha akaitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kutumikia Babeli, akaivunja mbele ya watu. Zingatia alivyojibu Yeremia aliposikia unabii huo. Alisema, "Amina, Bwana na atende hivi." Alitamani uwe kweli. Hakuna nabii wa Mungu anayefurahia kuwaambia watu kwamba kusubiri kwao kutakuwa kurefu. Lakini haukuwa kweli, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Sauti ya pili ilikuwa barua hii, na mstari wa 10, ambao umegusana na ule unaotumiwa, unasema kwamba Bwana atawajilia watu wake Babeli itakapotimiziwa miaka 70. Mama, hebu fikiri jinsi barua hiyo ilivyopokewa. Mwanamke wa umri wako aliyeisikia ikisomwa kando ya mto wa Babeli alielewa mara moja kwamba yeye hatarudi. Babeli iliangushwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK, zaidi ya nusu karne baada ya wale watu kufika uhamishoni. Wengi wao walizikwa hukohuko. Je, imani yao ilipungua? La. Walikufa wakiwa ndani ya ahadi hiyohiyo, bila kuona mwisho wake. Ukinielewa hapo, utaona kwa nini siwezi kukubali neno lile unalojilaumu nalo. Mstari wa 11 haukuwa na sharti kwamba anayeamini sana atafupishiwa miaka. Aliyetoa ahadi ya muda mfupi katika habari hii alikuwa Hanania, na ninaogopa kwamba tunaponyofoa mstari wa 11 tukaacha wa 10, tunayachukua maneno ya Yeremia na kuyasema kwa sauti ya Hanania. Nasema "tunaponyofoa" kwa sababu mimi pia nimeuandika mstari huo katika kadi za mahafali, mara nyingi, bila kuwaambia vijana niliowaandikia kwamba kuna mstari wa 10.

Kuna jambo jingine ambalo lugha yetu inatuonyesha waziwazi. Katika Biblia ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, mstari huo unasema: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Sikiliza sauti ya maneno hayo: ninayowawazia, ninyi, kuwapa ninyi, siku zenu. Hakuna "wewe" hata mmoja. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa mtu mmoja na kwa wengi, kwa hiyo anayesoma mstari huu kwa Kiingereza aweza kudhani kwamba anaambiwa peke yake, na picha nyingi zinazozunguka katika simu zetu zimetafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu aliyeamua, pengine bila kukusudia ubaya, kwamba anayesemeshwa ni mmoja. Ndiyo maana picha uliyotumiwa inasema "juu yako" na "kukufanikisha." Kiswahili cha Biblia yako kilikuwa kimekwisha kukataa jambo hilo.

Tofauti hii si ya wanasarufi tu. Ikiwa ahadi ni ya "wewe", basi isipotimia kwa mwanao, wewe na yeye mnabaki peke yenu na swali zito, na kundi lililoutuma mstari halidaiwi kitu. Ikiwa ahadi ni ya "ninyi", basi kukosa kazi kwa mwanao ni shauri la ushirika mzima. Barua yenyewe inakwenda hivyo. Mistari ya 5 hadi 7 inawaambia mateka wafanye nini wakati wa kungojea: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuolewa, waongezeke wala wasipungue, kisha linakuja agizo ambalo lazima liliwachoma: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Waliombwa kuuombea mji wa adui, na amani yao ikafungwa pamoja na amani ya majirani wasiomjua Mungu wao.

Sisi tunaoishi Nairobi hatukuchukuliwa mateka na mtu, na sitaki kulazimisha mfano. Hata hivyo, mji huu ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na mpaka leo wengi wetu tukiulizwa nyumbani ni wapi tunataja mahali pengine kabisa: Kakamega, Machakos, Nyeri, Homa Bay. Hapa tunasema tumekuja kutafuta. Tunapanga chumba miaka thelathini na hatupandi hata mpapai mmoja uani, kwa sababu fedha na moyo viko mashambani. Kanisa letu nalo hujifunza tabia hiyo: hukesha kwa ajili ya mafanikio ya kila mshirika, lakini mara chache huuombea mji wenyewe, mitaro yake, shule zake, viwanda vyake na wanaoajiri ndani yake. Mto Mathare ulipofurika Aprili 2024 na familia kupoteza nyumba na watu wao, tuliimba na kuwachangia, na tukafanya vema. Nashangaa tu ni ibada ngapi za Jumapili tangu siku hiyo zimeutaja mto huo katika maombi, au kumuuliza diwani aliyeketi viti vya mbele umefanyiwa nini.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Usikutane na mwanao tena na mstari huo peke yake; amekuomba uache, na amekuomba kwa sababu unamuumiza. Kama atakubali, someni sura za 28 na 29 pamoja, polepole, hata kwa jioni tatu, na umruhusu aseme analolifikiri, ikiwa ni pamoja na hasira yake. Kisha uende kwa akina mama wa kundi, kwa upole, uwaambie: "Mstari huu ni wa ninyi, nami naomba tuutii kama ninyi." Katika kundi lenu kuna mwenye mume anayesimamia jengo, kuna mwenye kaka aliye na karakana Kariobangi, kuna mwenye nyumba za kupangisha ambazo nyaya zake zinahitaji fundi mwaminifu. Anayeweza kutuma picha kila alfajiri aweza pia kuuliza simu ya mwanao ni namba gani. Na akipata kibarua cha kuunganisha taa katika ploti moja Umoja, asikidharau kana kwamba ahadi iko kwingine, kwa maana waliopanda bustani Babeli waliambiwa wale matunda yake, na bustani ni kazi ya msimu kwa msimu.

Bado utaniuliza kama mstari huo una neno lolote kwako, wewe ambaye si mateka wa Babeli. Unalo. Paulo anawaambia Warumi kwamba yote yaliyotangulia kuandikwa yaliandikwa ili kutufundisha sisi, na anawaambia Wakorintho kwamba ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo. Lakini mfano mzuri kuliko wote wa msomaji wa maneno hayo ya Yeremia ni Danieli. Alikuwa amezeeka ugenini alipovisoma vitabu na kufahamu hesabu ile ya miaka 70, kama tunavyosoma katika Danieli 9. Hakuutwaa unabii ule akaudai uwe wake binafsi. Alivaa gunia, akafunga, akaomba kwa ajili ya watu wote, akisema "tumefanya dhambi" ingawa Maandiko hayamtaji kwa kosa lolote. Hapo neno lililoandikwa kwa wengine lilimfikia, kwa sababu alijiweka ndani ya "ninyi" ile. Na Mungu anayesemwa katika mstari wa 11 ni yuleyule wa mstari wa 13, anayeonekana na wale wamtafutao kwa moyo wao wote. Mama, miaka hii minne umemtafuta. Usikubali mtu akuambie kwamba hukumtafuta kwa kuwa mwanao hana kazi.

Swali

Mimi ni kijana wa Kayole. Katika mkesha mmoja mhubiri mgeni alituambia kwamba atakayetuma mbegu ya shilingi 2,911 kwa M-Pesa usiku huo, kulingana na Yeremia 29:11, atafunguliwa mlango ndani ya siku 29. Nilikopa, nikatuma. Siku zimepita. Je, nitume tena?

Jibu

Usitume tena, ndugu yangu, na ulilokopa ulipe kwa subira bila kujiona mpumbavu, kwa maana ulitoa kwa nia njema.

Namba hizo hazikuwekwa na Yeremia. Yeye alituma barua isiyo na sura wala mistari ya kuhesabiwa. Mgawanyo wa sura tunaoutumia hunasibishwa na Stephen Langton, aliyefundisha Paris kisha akawa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13, na hesabu ya mistari ilienea kupitia Robert Estienne, mpiga chapa Mfaransa aliyetoa Agano Jipya lenye mistari ya namba mwaka 1551 na Biblia nzima miaka michache baadaye. Waliweka namba ili msomaji apate mahali upesi. Anayezigeuza kuwa bei ameuza alama ya njia.

Kuhusu bei yenyewe, Maandiko hayana maneno mawili. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na mtumishi wake Gehazi alipoifuata kwa siri alirudi na ukoma. Petro alimwambia Simoni aliyeleta fedha apate kipawa cha Mungu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Kutoa ni ibada, nami sitaki uache kutoa, lakini Paulo anasema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima, na hesabu iliyotangazwa usiku wa manane kwa tarehe ya mwisho ni lazima iliyovaa nguo ya baraka.

Unaweza kuuliza utamjibuje mtu anayeshika Biblia mkononi. Yesu alikutana na jambo hilo jangwani. Ibilisi alimnukulia Zaburi ya 91, kuhusu malaika watakaomchukua mikononi, na ukilinganisha utaona kwamba aliyaacha maneno "katika njia zako zote." Bwana wetu hakuikana zaburi. Alijibu, "Tena imeandikwa." Neno hilo "tena" ndilo ninalotamani kila mshirika wa Nairobi alijue. Baada ya mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu ambao mahakama imeelezwa kwamba walifundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu, hatuwezi kusema tena kwamba kusoma kipande ni kosa dogo la wasio na elimu. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na aliyekuwa akiwahubiria ni Paulo mwenyewe. Kama Paulo alichunguzwa, mhubiri mgeni wa Kayole naye achunguzwe.

Swali

Mzee mmoja wa kanisa alinikemea mbele ya watu kwa kusoma Biblia katika simu wakati wa ibada, akasema Biblia ni kitabu. Nilinyamaza kwa heshima, lakini moyoni sikukubali. Nani ana haki? Msomaji wa Kasarani.

Jibu

Ulifanya vema kunyamaza mbele ya mzee. Katika swali lenyewe, una haki zaidi yake, lakini si yote.

Neno la Mungu limebebwa na vitu vingi. Barua ya Yeremia haikuwa kitabu chenye jalada. Unabii wake mwingine ulikuwa gombo ambalo mwandishi wake Baruku aliliandika kwa maneno ya kinywa chake, na katika sura ya 36 tunaona mfalme Yehoyakimu akilikata gombo hilo kwa kisu kidogo, kurasa tatu au nne kwa wakati, na kulitupa motoni, na Mungu akaagiza liandikwe jingine. Kilichopotea kilikuwa ngozi au karatasi tu. Wakristo wa kwanza wengi hawakuwa na nakala nyumbani kabisa, walisikia ikisomwa. Kwa hiyo simu haiwezi kuwa najisi kwa kuwa ni simu, na kwa kijana anayeshika matatu ya saa kumi na moja asubuhi akisimama mlangoni, ni neema kuwa na vitabu 66 mfukoni.

Palipo na neno la mzee ni hapa. Simu hukufungulia mstari ulioutaja na kuficha ukurasa. Kitabu cha karatasi kikifunguliwa penye Yeremia 29:11, jicho haliwezi kuukwepa mstari wa 10, na ukigeuza karatasi moja nyuma unamkuta Hanania. Katika programu nyingi za simu, mstari huja peke yake, juu ya picha ya machweo, tayari kwa kutumwa, na kabla hujamaliza kuusoma ujumbe mwingine umeshuka kutoka juu. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", umebandikwa kwenye vioo vya matatu na kwenye kuta za mazoezi ya viungo hapa mjini, na ni wachache wanaojua kwamba katika mstari ulio juu yake tu Paulo, akiwa katika vifungo, anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Njaa imo katika "mambo yote" hayo. Anayesoma sura nzima katika simu anaiona; anayetafuta mstari mmoja katika kitabu cha ngozi nyeusi haioni. Ubishi wenu, kwa hiyo, haukuhusu kifaa kama mlivyodhani wote wawili.

Fanya hivi Jumapili ijayo. Zima data kabla ya kuingia ibadani, ufungue sura nzima badala ya mstari, na uiache wazi hadi mahubiri yaishe. Kisha mwendee mzee huyo baada ya ibada, umwamkie inavyostahili, umwombe aje kwenye kikundi chenu cha vijana awasomee Yeremia 27 hadi 29 kwa sauti kutoka Biblia yake ya karatasi, ninyi mkifuata katika simu zenu, wengine kwa tafsiri ya Habari Njema. Kila panapotofautiana maneno, anayeona ainue mkono, na mzee asimame hapo mpaka muelewane.